Kidonda Nilichomficha Mkwe

Kilianza wakati wa mahindi mabichi, upande wa kushoto wa ulimi, kidogo kama punje ya ulezi. Nilidhani nimejiuma. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, na mwalimu wa darasa la kwanza hula mbiombio, jicho moja kwenye sahani na jingine kwa watoto, kwa hiyo kujiuma ulimi si habari. Nikasukutua maji ya chumvi, nikasubiri. Mahindi yakakomaa, yakavunwa, yakaanikwa juu ya jiko, na kidonda kilikuwa bado pale.

Kilikuwa kimekua. Nikikigusa kwa kidole, katikati palikuwa laini na kingo zake ngumu kama ukoko wa bugali. Pilipili niliacha. Kisha nikaacha nanasi, kisha chai ya moto. Maumivu yakapanda mpaka sikioni, nikawa nalala upande mmoja tu. Nilikuwa mjane wa miaka mingi na nilizoea kulala nikitawala kitanda kizima, sasa kidonda kikawa ndicho kinachoniambia nigeukie wapi.

Tunaishi kijijini, karibu na Lusangi. Wanaume wengi wanachimba dhahabu, wanawake wanalima muhogo na karanga, na wengine wanafanya yote mawili. Kuna kituo cha afya kimoja chenye mkunga mmoja na muuguzi mmoja, ambaye kwetu tunamwita infirmie. Bati la kituo hicho naliona nikiwa mlangoni kwangu. Ungedhani basi kwamba mtu mwenye kidonda kisichopona angevuka barabara asubuhi moja, akaketi kwenye benchi na wengine, mambo yakaisha. Lakini infirmie huyo ndiye aliyemwoa binti yangu.

Lazima nieleze kwetu mkwe ni nani. Mwanaume aliyeoa binti yako hakutazami usoni. Akija kusalimu anasimama nje ya ua, anakohoa, nawe unageuka na kuvuta kitenge mpaka puani. Mnaongea, ndiyo, hata mnacheka, lakini kila mmoja anaongea na ukuta wake. Zaidi ya yote, mama mkwe hafungui kinywa mbele yake: hali, hanywi, hapigi miayo. Mama mkwe aliyeonekana akitafuna ni aibu ya ukoo mzima. Mwiko huo wa kinywa unadumu mpaka siku mkwe atakapoleta kuku, akiwa na mtu mzima wa kwao. Kuku anapikwa, mnamla pamoja mmeketi uso kwa uso, na tangu hapo kinywa kimefunguliwa. Mkwe wangu alikuwa hajaleta kuku. Kila mwaka palikuwa na sababu: mtoto amezaliwa, ana semina Kabambare, shangazi yake wa Kasongo anaumwa. Nami sikumharakisha. Kuogopwa na mkwe kuna utamu wake.

Basi niambieni. Kinywa nisichoweza kukifungua kwa kipande cha muhogo mbele yake, nikifungue mpaka kooni, ulimi nje, yeye akinimulika kwa tochi? Heri kufa. Nilimwambia hivyo dada yangu mkubwa, ambaye tunakaa naye, na wakati ule nilikuwa ninatania.

Dada alinitazama. Yeye hakusoma sana, lakini hakuna kinachompita. "Unakumbuka shangazi?" aliniuliza.

Nilikumbuka, na ndiyo sababu nilikasirika. Shangazi yetu alikuwa na kidonda mdomoni tulipokuwa wasichana. Alianza hivihivi, kwa kusukutua. Mwisho walimhamishia kwenye kibanda cha kupikia kwa sababu ya harufu, na sisi watoto ndio tuliompelekea maji huku tumebana pua. Hakuweza tena kusema. Akihitaji kitu aligonga kijiko kwenye sahani ya bati, mara moja kwa maji, mara nyingi kwa maumivu. Siku kijiko kiliponyamaza, watu wazima walipumua, na mimi nikawaona wakipumua. Tangu kidonda changu kilipokuwa kigumu nilikuwa nakisikia kile kijiko hata darasani.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," akasema dada.

"Methali nafundisha mimi," nikamjibu. "Wewe nenda ukapike."

Hakuenda kupika. Alienda porini akaleta magome, akayachemsha mpaka maji yakawa meusi, nikasukutua kwa wiki kadhaa. Alisema pia kwamba labda ni ulimi wangu wenyewe ulioniponza, maana siku ya mahari niliwatolea maneno makali wazee wa upande wa pili kuhusu mbuzi mmoja aliyechechemea. Ulimi hauna mfupa, hilo kweli, na mbuzi kweli alichechemea. Lakini hata mimi, mwalimu mwenye cheti, nilianza kuhesabu moyoni watu niliowahi kuwasema vibaya. Mtu aliyekata tamaa hachagui ajikinge wapi. Nikaacha kuhesabu walipokuwa wengi.

Siku ya soko nilipanda pikipiki mpaka Kabambare, kwenye duka la dawa ambako hakuna anayenijua. Kijana wa duka hakuomba kuona. Aliuliza tu, "Mama, inauma?" Nikasema inauma. "Ni vitamini inakosekana," akasema, akanipa vidonge vya kumeza, pamoja na vile vyenye ganda la rangi mbili, nyekundu na njano. "Hii usimeze. Fungua, mwanga unga juu ya kidonda, funga mudomo." Kila mtu kwetu anaujua unga huo, tunaumwaga kwenye vidonda vya miguu, kwenye kitovu cha mtoto, kila mahali. Nilimwaga. Uliniunguza mpaka nikashika nguzo ya nyumba. Kidonda kikawa cheupe, nikasema sasa kinapona. Weupe ulipotoka, chini yake kilikuwa kipana zaidi.

Wakati huo nilikuwa bado nafundisha. Darasa la kwanza ni sauti tu: mwalimu anasema, watoto wanarudia. Asubuhi moja niliandika ubaoni sa, se, si, so, su, nikazisoma, watoto wakarudia, nami nikasimama na chaki mkononi. Walikuwa wanasoma kwa ulimi mzito, mate yakitoka pembeni, vichwa vimeinamia kushoto kidogo. Hawakuwa wakinidhihaki. Walidhani ndivyo herufi hiyo inavyosomwa. Darasa zima lilikuwa limejifunza kidonda changu, na mzazi mmoja alikuwa ameshamwuliza mkuu wa shule kwa nini mtoto wake anaongea kama mlevi. Niliwatoa nje wakacheze mpira, nikaketi kwenye dawati la watoto, nikalia. Sikulia kwa uchungu wa ulimi.

Binti yangu alinikuta na uji. Nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba, naumimina uji wa baridi upande wa kulia wa mdomo, kichwa kimeinama kama kuku anayekunywa maji. Alisimama pale na mwanawe mgongoni. Amekuwa mke wa infirmie muda mrefu, anajua kuangalia.

"Mama, fungua nione."

Nikamfungulia binti yangu, maana huyo nilimzaa. Aliangalia, akafunga macho.

"Nitamwambia baba ya watoto."

"Ukimwambia, usije tena hapa kwangu," nikasema. Nilisema vibaya, kwa sababu ya ulimi, lakini alielewa. "Nitakwenda Kasongo mwenyewe, kwa watu nisiowajua. Ngoja nivune karanga."

Alimkaza mtoto mgongoni. Kisha akasema, "Shangazi yenu pia alikuwa anangoja karanga?" Sikuwa nimemsimulia habari hiyo. Dada alikuwa amemsimulia. Nilimfukuza, kisha nikaenda kukaa ndani ya nyumba yenye giza mchana kweupe. Niliogopa sana siku ile. Niliogopa kama mtoto. Nilichoogopa hakikuwa kifo. Ni kile kibanda, na watu watakaobana pua, na kijiko.

Baadaye niliambiwa kwamba binti yangu hakuvunja katazo langu. Alimwambia mumewe neno moja tu: "Mama haweki tena chumvi." Kwetu hilo linatosha; anayekimbia chumvi ana kidonda kinywani.

Siku chache baada ya hapo, asubuhi, kikohozi kilisikika nje ya ua. Nikavuta kitenge. Nilipochungulia niliwaona wawili: mkwe wangu, amevaa shati la Jumapili katikati ya wiki, na mwanamke mzee aliyejaa vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Alikuwa shangazi yake wa Kasongo, amepakiwa kwenye pikipiki safari yote ile na magoti yake mabovu. Mkwe alikuwa ameshika kuku jike mwekundu, amemfunga miguu.

Nilikasirika. Kuku haletwi hivyo. Kuku anatangazwa, wenyeji wanajiandaa, wanapaka ukuta chokaa. Nikasema hayo yote kwa ukuta wangu, kwa ulimi wangu uliovimba, nikasikia mwenyewe jinsi nilivyosikika.

Mkwe aliongea akimtazama kuku. "Mama, usikasirike. Mi nimechelewa sana. Kuku hii ilipaswa kuingia hapa tangu mutoto wa kwanza. Leo nimeleta. Shangazi iko hapa, yeye ni shahidi."

"Tumekuja kufungua kinywa," akasema yule mzee. "Magoti yangu hayatarudi mara ya pili. Pikeni."

Dada alipika. Sijawahi kuona kuku akipikwa kwa ukimya vile. Tukaketi, mimi kwenye mkeka na yeye kwenye kigoda mbele yangu, sahani katikati, mashahidi pembeni. Hapo ndipo nilipotambua shida: desturi inataka mama mkwe atafune, aonekane akitafuna. Sikuwa nimetafuna kitu kwa muda mrefu. Nilichagua ini, kwa sababu ni laini. Nilipolifikisha kinywani lilikuwa bado moto, na chumvi ilikuwemo, maana dada ni mtu wa desturi. Nilitafuna. Machozi yalinitoka yenyewe, nikaendelea kutafuna, nikameza, na nilipofuta mdomo kitenge kilikuwa na damu. Mkwe naye alichukua kipande chake, akala, akameza kwa shida kuliko mimi.

Kisha akanawa mikono kwa sabuni. Akatoa mfukoni glovu, akazivaa. "Mama," akasema kwa sauti ya kule kituoni, ile ninayoisikia kutoka mlangoni kwangu kila siku, "sasa niruhusu."

Nikafungua kinywa.

Alimulika kwa simu. Aliniomba nitoe ulimi, aliushika kwa kitambaa safi, akaupeleka kulia, akakibonyeza kidonda pembeni. Akanipapasa chini ya taya, polepole, akarudi tena pale pale. "Iko kitu hapa chini," akasema, si kwangu. Muda wote huo macho yake hayakupanda juu ya pua yangu. Alikiangalia kinywa, koo, shingo, akaishia hapo, kwa heshima. Alipovua glovu alizikunja na kuzikunjua mara mbili bila kujua aziweke wapi, na mimi, ambaye nilikuwa nimeogopa aibu mwaka mzima, nikaona kwamba aibu haikuja kabisa. Kilichokuja ni woga, na ulikuwa wa sisi wote.

"Kesho tunaenda Kasongo," akasema.

Mama mkwe hakai nyuma ya mkwe kwenye pikipiki moja, kuku au si kuku. Kwa hiyo nilipanda ya kukodi, naye akafuata na ya kituo. Barabara hiyo wanaoijua wanaijua: matope yanayomeza gurudumu, madaraja ya magogo ambako unashuka na kuvuka kwa miguu huku dereva akisukuma. Kila tulipotikisika ulimi uligonga jino. Nilikuwa nimeuma leso ili visigusane. Tulipofika mjini misikiti ilikuwa inaadhini, soko linafungwa, na wanafunzi wa shule za misheni wanarudi nyumbani wakiimba, nami nikawaonea wivu kwa vile ndimi zao hazikuwa na kazi nyingine.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye usingizi usoni. Aliangalia haraka, kisha akaangalia tena polepole, na usingizi ukamtoka. Akaniuliza kimeanza lini. Akanidunga sindano ya ganzi, na wakati tunangoja ganzi ishike, akamgeukia mkwe wangu, ambaye alisimama mlangoni ameshika mfuko wangu.

"Mama huyu alikuwa wapi muda huu wote?" akauliza kwa ukali. "Kwenu hakuna infirmie?"

"Iko, dokta," akasema mkwe wangu. "Ni mimi."

"Wewe? Na hukuona?"

"Ni mama mukwe yangu. Nilikuwa sijaleta kuku. Kosa iko yangu."

Nilitaka kusema. Nilitaka kusema kwamba kuku si kitu, kwamba nilikuwa namkimbia, kwamba nilivuta kitenge hata siku ambazo angeweza kuniuliza, kwamba yeye ni kijana mwema na asisemwe hivyo mbele ya wagonjwa. Lakini ulimi ulikuwa umekufa ganzi, umelala kinywani kama kitu cha mtu mwingine. Nikagonga kitanda kwa mkono. Walinitazama wote wawili, wakadhani nasikia maumivu, daktari akaniongezea dawa. Niliposikia mgongo wa mkono wangu ukigonga chuma cha kitanda, nikaacha mara moja.

Alikata kipande kidogo, akakitia kwenye chupa yenye dawa. "Kapande haka tunatuma Bukavu," akasema, sasa kwa upole. "Hapa hatuna mashine ya kuona. Majibu watapiga simu. Haraka haitakuwa." Nilimwuliza kwa mkono: ni ule ugonjwa mbaya? Akajibu kwamba hawezi kusema kabla ya majibu. Mimi ni mwalimu. Najua sura ya mtu anayejua jibu na amekatazwa kulisema.

Tulirudi. Nikaanza kungoja, na kungoja huko sikutakii hata mzee wa mbuzi kilema. Kijijini kwetu simu haishiki. Ukitaka rezo, yaani mtandao wa simu, unapanda kilima nyuma ya kanisa, unasimama kwenye jiwe fulani, unanyoosha mkono. Namba iliyoachwa hospitalini ilikuwa ya mkwe wangu. Kila jioni, akifunga kituo, alipanda. Nilikaa mlangoni nikamwangalia akipanda, nikamwangalia akishuka. Alipita mbele ya ua wangu macho chini, akikohoa. Kinywa kilikuwa kimefunguliwa kati yetu, lakini macho ni jambo jingine, hayo hayana kuku. Akasema kwa ardhi, "Bado, mama," nami nikasema, "Asante, baba," akaenda kwake kula.

Nilijifunza kuupenda mgongo wa kichwa chake ulioinama. Ulikuwa na maana ya siku moja zaidi. Mchana nilimwomba Mungu nikiwa nimefumba mdomo, bila maneno, kwa sababu maneno yaliuma. Nilimwambia achukue mguu. Nilimwambia achukue masikio yote mawili. Darasa langu lilipewa mwalimu mwingine, na nilisikia kutoka nyumbani jinsi watoto wanavyosoma sa, se, si, safi kabisa, wamenisahau ndani ya wiki moja. Dada alificha vijiko vya bati, akanipa cha mti. Sikumwambia kitu juu ya kijiko, na yeye hakuniambia.

Kisha ikafika jioni ambayo alikaa kilimani muda mrefu. Nilimwona amesimama juu ya jiwe, simu sikioni. Kisha akaishusha simu. Hakuteremka mara moja. Aliketi pale juu ya jiwe, mtu mwenye watoto na mke na sufuria inayomngoja, akaketi tu.

Aliposhuka hakukohoa. Aliingia moja kwa moja ndani ya ua, akachukua kigoda, akakiweka mbele yangu, karibu kuliko siku ya kuku, akakaa. Nilikuwa nimeshaanza kuvuta kitenge, kwa mazoea. Akanishika mkono, nao ukabaki chini.

Halafu akainua uso, akanitazama machoni. Miaka yote ile sikuwa najua kwamba ana kovu dogo juu ya jicho la kulia, na kwamba macho yake ni ya rangi ya asali, kama ya mjukuu wangu. Hakuwa amesema neno bado, lakini kichwa kisichoinama kilikuwa kimeshaniambia majibu ya Bukavu. Nikamwambia asiseme kwanza, nikamtuma dada amwite binti yangu aje akae nasi.